Siku hamsini za mshumaa mmoja

Ijumaa Kuu saa tisa alasiri, parokia yetu ya huku pembezoni mwa Dar es Salaam haina pa kukanyaga. Watu wamejaa mpaka getini, wengine wako chini ya miembe, wengine wamekalia matofali ya ule ukumbi ambao ujenzi wake hauishi. Foleni ya kuabudu Msalaba inakula saa nzima na ushee na hakuna anayenung'unika. Kesho yake usiku, kwenye Mkesha wa Pasaka, ibada kubwa kuliko zote katika mwaka wa Kanisa, unapata kiti, na cha pembeni cha kuwekea mkoba unapata pia. Jumapili asubuhi wanafurika tena na nguo mpya. Jumapili inayofuata ungedhani kuna ugonjwa umetangazwa.

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo, kikundi cha familia jirani za parokia wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, kwa hiyo nina daftari la mahudhurio na siwezi kudanganywa. Kwaresima kurasa zinajaa. Njia ya Msalaba kila Ijumaa, nyumba hadi nyumba, hata wale ambao mwaka mzima tunawaona kwenye michango ya misiba tu wanajitokeza. Pasaka ikishapita majina yanakonda. Ukimuuliza mtu anakujibu bila aibu yoyote, "Tumepumzika kidogo, katibu." Siku arobaini za kufunga tunazihesabu moja moja. Siku hamsini za kushangilia, kuanzia Pasaka hadi Pentekoste, zinapita kama kipindi cha kusubiri mvua ziishe.

Siwalaumu sana. Mateso tunayajua. Katika nyumba za jumuiya yetu sijawahi kuona mwaka ambao hakuna mgonjwa Muhimbili au Ocean Road, au kijana aliyeachishwa kazi, au mama anayelea wajukuu peke yake. Msomaji akifika pale askari wanapigia kura kanzu ya Yesu, kila mtu anamkumbuka ndugu wa marehemu fulani aliyekuja kugombea kiwanja kabla matanga hayajaanuliwa. Ijumaa Kuu inatusimulia sisi wenyewe. Ufufuko nani ameuona? Tunaambiwa tuuamini, tunasema amina, tunakwenda kupika pilau.

Mwaka 2025 nililitazama jambo hili kwa karibu zaidi, kwa sababu Oktava ya Pasaka ya mwaka ule, yaani zile siku nane za mwanzo kuanzia Jumapili ya Pasaka, haikutuacha tupumzike.

Mkesha uliangukia tarehe 19 Aprili, katikati ya masika. Kuwasha moto mpya wakati wa masika ni kazi ya watu wenye imani. Kuni zilikuwa zimefunikwa turubai tangu asubuhi, lakini turubai lenyewe lilikuwa linavuja, na katekista alizunguka na kidumu cha mafuta ya taa akidai ni cha dharura tu. Kilitumika chote. Paroko akachora alama kwenye Mshumaa wa Pasaka: msalaba, Alfa juu, Omega chini, tarakimu za mwaka katika pembe nne, kisha chembe tano za ubani kwa ajili ya madonda matano. Manyunyu yalikuwa yanadondoka kwenye miwani yake na mtumikiaji mmoja alikuwa amemshikia mwavuli ambao ulimkinga kila mtu isipokuwa padre.

Mshumaa huo ulikuwa umetugombanisha kabla ya Kwaresima. Kwenye kikao cha halmashauri ya walei mjumbe mmoja alipendekeza tununue ule wa plastiki wenye kichupa cha mafuta ndani. Unadumu miaka, alisema, unabandua namba za mwaka tu. Kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa, na parokia yetu ina madeni. Paroko alikataa. Akatuambia kwamba mwaka 1988 Roma ilitoa waraka kuhusu maadhimisho ya Pasaka unaotaka mshumaa uwe wa nta, usiwe wa bandia kamwe, uwe mpya kila mwaka, na uwe mmoja. Mjumbe akauliza, kwa heshima lakini akiwa amekaza, kwani Mungu hautambui wa plastiki? Padre akasema Mungu anautambua, ila huu mshumaa unatakiwa uishe. Kikao kikaendelea na ajenda ya choo.

Nilidhani ni jibu la kumaliza ubishi.

Ndani ya kanisa taa zimezimwa. "Mwanga wa Kristo," na sisi, "Tumshukuru Mungu," mara tatu, kila mara mwimbaji akipandisha sauti. Moto unatoka kwenye mshumaa mkubwa kwenda kwenye vidogo, benchi kwa benchi, huku akina mama wakiwavuta watoto ili wasiunguze nywele za mtu wa mbele. Mzee wetu mmoja wa jumuiya alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa pembeni, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na hakutaka kuwasumbua watu kupita. Mshumaa wake ulizimwa na upepo wa mlangoni. Mtoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, akaja kumwashia. Ukazimika tena, akaja tena. Mara ya tatu mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, kaa hapa hapa, tutumie wako."

Kisha Mbiu ya Pasaka, wimbo mrefu ambao vijana wanauvumilia na wazee wanausubiri. Ndani yake wametajwa nyuki, kwamba mshumaa ni kazi yao. Mwanakwaya wetu mmoja ni mtu wa Tabora, ambako asali na nta zimesomesha watoto wengi, na kila mwaka wakifika hapo anatabasamu kama mtu aliyesikia jina la kijijini kwao redioni.

Katika Mbiu hiyo ni usiku unaosifiwa. Lakini kwa karne nyingi ibada hii ilikuwa imesogezwa hadi Jumamosi asubuhi, watu wanaimba sifa za usiku huku jua linawawakia, mpaka Papa Pius XII alipoirudisha usiku kwa majaribio mwaka 1951, kisha kwa Kanisa zima kuanzia mwaka 1956. Nawaambia hilo wale wanaoomba Mkesha uanze saa kumi na moja jioni kwa sababu ya usafiri. Hoja ya usafiri naielewa, bodaboda za usiku zina bei zake. Lakini ule moto mchana hauangazi kitu.

Masomo ya Agano la Kale ni saba yakisomwa yote, na padre anaweza kuyapunguza, ila lile la Kutoka, la kuvuka Bahari ya Shamu, haliachwi kamwe. Baada ya wimbo wa Utukufu na kengele linafuata somo la Mtume Paulo kwa Warumi: tulizikwa pamoja naye katika ubatizo ili tuenende katika uzima mpya. Wakatekumeni walikuwa wamekaa mstari wa mbele, watu wazima waliosoma mafundisho muda mrefu, mmoja wao dereva wa daladala ambaye msimamizi wake wa ubatizo alikuwa mzee yule yule wa kiti cha plastiki. Maji yalipomwagwa kichwani kwake mzee alikuwa amejikongoja hadi kisimani, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega la dereva. Ungedhani dereva ndiye anayemsimamia mzee.

Injili ilikuwa ya Luka. Wanawake wanakwenda kaburini alfajiri na manukato, wanakuta jiwe limeviringishwa, wanarudi kuwaeleza mitume. "Maneno yao yakaonekana kwao kuwa kama upuzi, wala hawakuwasadiki." Mama mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, aliyekaa mbele yangu aligeuka akamtazama mumewe. Hakusema neno. Hapa lazima nitoe dukuduku: jumuiya zetu zinabebwa na wanawake. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipofanya ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji, sidhani walikusudia ziwe vikao vya akina mama na katibu mmoja. UWAKA, chama cha wanaume Wakatoliki, wanajitahidi kuwavuta wanaume, lakini wengi wetu tunafika wakati wa matangazo. Na habari ya kwanza kabisa ya Ufufuko iliwafikia wanaume hivyo hivyo, kwa kuchelewa, kupitia kwa watu waliokuwa wameamka mapema kufanya kazi.

Kinachonipendeza katika simulizi hilo ni kwamba halimpambi mtu. Wanawake wameogopa. Petro anakimbia hadi kaburini, anaona sanda, anarudi akistaajabu. Hakuna hata mmoja aliyeimba Aleluya siku ile. Marko ni mkali zaidi, kwake wanawake wanakimbia na hawamwambii mtu neno, kwa maana waliogopa. Kwa hiyo mwanajumuiya anayekwambia kwamba Pasaka haijamwingia moyoni yuko pamoja na mitume, hayuko nje ya Kanisa. Tatizo letu ni kwamba tunampa siku moja tu ya kuingiwa, tena siku yenyewe ana wageni.

Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu ya taifa. Nilikuwa napasha kiporo cha pilau simu ilipoanza kulia mfululizo kwenye kundi la jumuiya. Papa Fransisko amefariki. Jana yake tu alikuwa ametokeza kwenye roshani ya Mtakatifu Petro, sauti imekwisha, akatoa baraka na kuzunguka uwanjani kuwasalimia watu. Wengine kwenye kundi waliandika "apumzike kwa amani", wengine wakauliza kama ni kweli au ni ya mitandaoni, na bibi mmoja ambaye hajui kuandika alituma ujumbe wa sauti: "Amengoja Pasaka ipite, mzee wa watu." Nilicheka na nikalia kidogo, yote mawili.

Tukawa bado tunazungumza habari za Roma, usiku wa Jumanne mzee wetu wa kiti cha plastiki naye akafa.

Alikuwa amesema tangu zamani kwamba hataki kusafirishwa kwenda kwao mkoani. Nizikeni hapa hapa nilipochangia tofali, alikuwa akisema. Watoto wakaheshimu, ingawa shangazi zao waliopanda basi usiku kucha hawakuficha hasira. Maziko yakapangwa Ijumaa. Hapo likazuka swali jikoni, kule nyuma kwenye masufuria: leo Ijumaa, tunapika nyama au maharage? Wapishi wa msiba ni watu wa msimamo, hawakutaka kubahatisha. Katekista akaitwa. Akaeleza kwamba siku zote nane za Oktava zinaadhimishwa kama sherehe ya Bwana, na sherehe ikiangukia Ijumaa, sheria ya kutokula nyama haifanyi kazi. "Hata msibani?" "Hata msibani." Mama mpishi akatafakari, akasema, "Basi huyu mzee amepata siku." Nyama ikapikwa.

Kanisani jeneza liliwekwa mbele ya altare, na karibu na kichwa ukasogezwa Mshumaa wa Pasaka. Ulikuwa ule ule wa Jumamosi. Bado ulikuwa mrefu, na chini ya tarakimu za mwaka kulikuwa na mchirizi wa nta uliokauka, ambao nadhani ulitoka usiku ule wa manyunyu. Utaratibu ni huo siku zote: mshumaa huu unakaa karibu na altare au mimbari mpaka Pentekoste, halafu unahamia kwenye kisima cha ubatizo, na mwaka mzima unawashwa watoto wanapobatizwa na wafu wanapoagwa. Nimehudhuria mazishi mengi na sikuwahi kuutazama. Nilidhani ni sehemu ya mapambo, kama maua.

Padre alinyunyiza jeneza maji ya baraka na kueleza, kwa sentensi mbili tatu, kwamba ni kukumbusha ubatizo wa marehemu. Dereva wa daladala alikuwa amesimama miongoni mwa wabebaji, shati jeupe alilobatiziwa. Siku sita kabla alikuwa amesikia kwamba katika ubatizo mtu anazikwa pamoja na Kristo. Sasa amebeba msimamizi wake kwenye bega lile lile. Mimi ninayesikia somo hilo kila mwaka sikuwahi kulichukulia kama habari ya mtu ninayemfahamu.

Kwaya ikaimba Aleluya. Majirani wa madhehebu mengine waligeuka kutazamana, kwamba msibani wanaimba hivi? Hata mjane aliinua uso. Baadaye alinieleza kuwa alikasirika kidogo, kisha akakumbuka ni Pasaka, kisha akakasirika tena. Huo ndio ukweli wake na sioni sababu ya kuupaka rangi. Mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho bila kuzunguka: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Ni barua inayokubali kwamba kuna kitu cha kupoteza. Aleluya mbele ya jeneza ni dai zito, na anayeiimba kama anaimba kwenye harusi hajaliona jeneza.

Jumamosi ilikuwa tarehe 26 Aprili, Sikukuu ya Muungano, kwa hiyo tulikuwa nyumbani wakati Papa anazikwa. Tulikaa pale pale msibani, televisheni imetolewa nje chini ya turubai, waya umepitishwa dirishani. Jeneza la mbao tupu limewekwa chini, juu yake kitabu cha Injili, na pembeni Mshumaa wa Pasaka. Mtoto wa darasa la tatu akauliza kwa sauti, "Kumbe na wao wana mshumaa kama wa babu?" Watu wazima tukanyamaza, halafu shangazi mmoja, wa wale waliokuwa wamenuna, akasema, "Wa kwao mkubwa." Mtoto hakuridhika: "Lakini ni kama wa babu."

Jumapili ilikuwa ya Huruma ya Mungu, na Injili yake kila mwaka ni ile ya mtume Tomaso aliyekataa kusadiki mpaka aone. Nimesikia mahubiri mengi ya kumkemea Tomaso. Mimi naona alichoomba ni cha haki. Aliomba kuona makovu. Na Yesu hakumwambia kwamba yale yamekwisha, tusiyataje. Alimwonyesha mikono na ubavu. Aliyefufuka bado ana alama za misumari. Sisi tunaohisi nyumbani Ijumaa Kuu hatuambiwi tuyaache mateso yetu getini ndipo tuingie Pasaka. Tunaingia nayo, na Bwana mwenyewe yuko ndani na ya kwake. Kama katika parokia zetu Pasaka ingehubiriwa hivyo kwa wiki saba, badala ya kuhubiriwa kama sherehe ya ushindi asubuhi moja, nadhani daftari langu lingebadilika. Kuna hata ibada ya Njia ya Mwanga, vituo 14 vya matokeo ya Yesu mfufuka, ambayo Roma iliitaja mwaka 2001 katika mwongozo wake kuhusu ibada za watu. Vituo viwili kwa wiki na unafika Pentekoste. Nimeipeleka kwa mwenyekiti. Amesema atalifikisha kwenye kanda.

Zamu ya kupokea jumuiya Jumamosi ya tarehe 3 Mei, kwenye ratiba iliyobandikwa tangu Januari, ilikuwa nyumbani kwa marehemu. Tulikubaliana kimya kimya kumruka mjane, tumpe nafasi. Akapata habari. Alinipigia simu Alhamisi usiku: "Katibu, mmenifuta?" Nikaanza kujieleza, akanikatiza. Zamu ni yangu, mje saa kumi na mbili kamili, na wanaume waje.

Tulikwenda. Turubai lilikuwa limeshatolewa na mashimo ya nguzo yalikuwa bado uani, yamejaa maji. Tulisoma Injili ya kesho yake, ile ya Yohana sura ya 21: wavuvi wamekesha bila kupata kitu, mtu yuko ufukweni, wavu unajaa samaki 153, na nchi kavu kuna moto wa makaa na samaki juu yake. Dereva wa daladala ndiye aliyesoma, kwa kidole, polepole. Katika kushirikishana mama mmoja akakumbusha kwamba Petro alikuwa ameshaota moto wa makaa mara moja, uani kwa kuhani mkuu, na pale alimkana Bwana mara tatu. Sasa anaitwa kwenye moto mwingine na anaulizwa mara tatu kama anampenda. "Hakumwambia umeniangusha," yule mama alisema. "Alimpikia." Dereva akarudi nyuma kwenye ukurasa akatafuta mstari na kuusoma tena: "Njoni mfungue kinywa."

Mwenyekiti akatoa karatasi ya michango. Kulikuwa na mavuno ya jimbo, deni la viti vya msibani, na safari ya hija ya kanda. Alikuwa ameanza kusoma jina la kwanza mjane alipotoka jikoni na sufuria ya chai na sinia la mihogo ya kuchemsha, akamtazama.

"Mwenyekiti, weka hiyo karatasi. Watu hawajala."

Mahudhurio siku ile yalikuwa mazuri, wanaume saba wakiwemo wawili ambao sikuwa na majina yao kwenye daftari. Mmoja aliongeza mihogo mara mbili, nikamwandika.